Baiskeli yapata kazi ya pili shambani

MIKUTANO mingi ya wataalamu huisha kwa makabrasha. Ule wa ubunifu ulioanzishwa na Amy Smith katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007, uliwekewa sharti jingine: mafundi, wakulima, wahandisi na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali wakae pamoja kwa wiki kadhaa, na kila kikundi kitoke na kifaa cha majaribio kinachotatua tatizo la kila siku.

Mmoja wa waliopitia mikutano hiyo ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha. Aliporudi alianza kubuni vifaa kwa vipuri vya baiskeli, kikiwamo cha kuchaji simu kwa kukanyaga pedali, kisha akashiriki kuanzisha karakana ya Twende inayofundisha wengine kubuni. Mwaka 2014 mkutano wenyewe ulifanyika Arusha.

Ni mjini humo pia ambako Jodie Wu, mhitimu wa MIT, alianzisha mwaka 2009 kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyouza mashine ya kupukuchulia mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Kazi hiyo wengi huifanya kwa kupiga magunia kwa fimbo. Siku zinapotea, na punje zilizovunjika hushambuliwa upesi na wadudu na kuvu.

Je, inalipa? Kwa mkulima wa magunia matano, kuinunua peke yake ni hasara. Mwenye faida ni kijana mwenye baiskeli anayepita nyumba kwa nyumba akitoza kwa gunia. Tuseme mashine ni Sh100,000 na ujira Sh1,000: atahitaji magunia 100 kurudisha fedha yake tu, bado hajala wala hajabadili mnyororo. Na msimu wa kupukuchua ni mfupi. Tena ikifika mashine ya injini kijijini, wateja wenye mahindi mengi watamkimbia; soko lake liko kule gari lisikofika. Nafuu yake ni kwamba msimu ukiisha anafungua mashine, na baiskeli inarudi kubeba maji.

Kuna na magunzi, ambayo wengi huyatupa. Amy Smith ameonyesha namna ya kuyageuza mkaa: yanachomwa ndani ya pipa la mafuta, yakishika moto vizuri pipa linazibwa hewa isiingie. Magunzi hutoka yakiwa vipande vizima, tayari kwa jiko. Mabaki ya miwa ndiyo yanayohitaji kufinyangwa kwa uji wa muhogo.