Kuboresha Insha ya Kiingereza kuhusu Mama na Baba

Swali la kulinganisha mama na baba katika malezi ni la kawaida katika mitihani ya insha ya Kiingereza, na watahiniwa hulikimbilia wakidhani ni jepesi. Kwa wanafunzi wa Hai Jalaba na mitaa mingine ya Juba, swali hili lina mitego yake. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia, hivyo anayeanguka katika insha huathirika katika mambo mengi. Sisi walimu wa Kiswahili tunahusika pia, kwani wengi wa vijana hawa walikipata Kiswahili walipokuwa wakimbizi Kenya na Uganda, nao hufikiri kwa lugha zaidi ya moja wanapoandika.

Tuanze na viwakilishi. Tukisema "anaamka alfajiri, anachemsha chai, analipa karo", hatujui kama ni mama au baba. Kiarabu cha Juba hutumia "uo" kwa wote wawili, na Kidinka hutumia "yen". Ndiyo maana mtahiniwa huandika "My mother he works". Katika insha ya safari kosa hilo lingesamehewa. Katika insha inayouliza nani hufanya nini, hoja nzima inavunjika. Kalamu nyekundu peke yake haitoshi. Mwanafunzi amalize aya ya mama ndipo aanze ya baba, kisha asome mara ya mwisho kwa kazi moja tu: aguse kila "he", "she", "his" na "her" kwa penseli na kujiuliza, ni nani huyu?

Mtego wa pili ni neno letu "kama". "Mama kama mzazi" katika Kiingereza huhitaji "as", maana mama ni mzazi kweli. Akiandika "like a parent", amesema mama anafanana na mzazi ila siye. Lakini bibi aliyemlea mjukuu tangu vita vya Desemba 2013 alikuwa "like a mother", na hapo "like" ndilo neno lenyewe. Tofauti hii ifundishwe kwa mfano wa bibi. Wanafunzi huielewa upesi kuliko kwa kanuni. Vivyo hivyo "mama mdogo" asiandikwe "small mother". "Aunt" ni sahihi, ingawa (kwa maoni yangu) neno hilo ni kavu mno kwa mtu aliyekunyonyesha uji. Afadhali aeleze: mdogo wake mama, aliyenilea.

Kuhusu hoja, insha nyingi ni za kukariri: baba huleta fedha, mama hupika. Huko Juba, ambako wanawake wauza chai kando ya barabara wanalisha familia, maneno hayo hayana nguvu hata kwa anayeyaandika. Badala ya "mama ana upendo mwingi", mwanafunzi aandike kuwa mama aliuza chai tangu alfajiri ili mtoto asifukuzwe shule kwa karo. Upendo msomaji atauona mwenyewe. Baba naye apewe tendo lake, si sifa. Akishakuwa na matendo mawili matatu kila upande, ndipo aandike utangulizi, kwa kuwa sasa anajua anatetea nini.

Wapo wasio na baba, au wasio na mama, nao hukaa kimya mbele ya swali hili kuliko wengine. Waambiwe mapema kwamba swali linauliza juu ya wazazi kwa jumla. Halidai habari za nyumbani kwao. Mwanafunzi anaweza kuandika juu ya jirani, au juu ya mjomba aliyeshika nafasi ya baba, mradi aseme wazi katika sentensi ya kwanza ya aya hiyo ni nani anayemzungumzia.