Wayunani, Warumi na Mto Wetu

Muhula uliopita mdogo wangu mmoja wa kidato cha kwanza aliniona nikisoma habari za Wayunani na Warumi wa kale, akaniuliza, "Kaka, watu hao wanatuhusu nini sisi watu wa Dranya?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami naliandika hapa ili na wengine walipate.

Jibu langu laanzia mtoni. Maji tunayoyaona chini ya daraja la Pakwach tusafiripo kwenda Kampala huelekea kaskazini, yakapita Juba, kisha yakaingia katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd. Yapata mwaka 61 baada ya Kristo, Kaisari Nero wa Roma alituma askari waufuate mto Naili mpaka chanzo chake. Mwandishi Seneca aliwasikia maakida wawili wakisimulia safari hiyo. Walifika penye kinamasi kisicho na mwisho, majani yamesongamana na maji, hata haikuwezekana kupita kwa miguu wala kwa mashua, ila kwa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wataalamu wengi husadiki kwamba mahali hapo ndipo Sudd. Basi Warumi walirudi kabla ya kufika kwetu.

Yapata miaka tisini baadaye, Ptolemy, mtaalamu aliyekaa Alexandria katika Misri, aliandika kwa Kiyunani kitabu cha jiografia. Alitumia habari za wafanyabiashara waliofika pwani ya Afrika Mashariki. Alisema kwamba Naili hutoka katika maziwa mawili, na kwamba maziwa hayo hupata maji ya theluji ya Milima ya Mwezi.

Sasa sikilizeni yaliyokipata kitabu hicho. Mwaka 476 dola ya Roma ya magharibi ilianguka. Shule zikapungua, na wachache tu huko magharibi wakabaki wakijua Kiyunani. Watawa walinakili kwa mkono vitabu vingi vya Kilatini, lakini jiografia ya Ptolemy haikusomwa kwao kwa karne nyingi. Waliyoihifadhi ni wengine. Huko Baghdad, katika karne ya 9, al-Khwarizmi aliitumia kwa kutunga kitabu chake cha Kiarabu. Huko Constantinople, mtawa Maximus Planudes aliitafuta mpaka akaipata, mwishoni mwa karne ya 13. Yapata mwaka 1406 Jacopo Angeli aliifasiri kwa Kilatini katika Italia, na mwaka 1477 ikapigwa chapa mjini Bologna pamoja na ramani zake. Hivyo Ulaya ilirudishiwa urithi wake kwa kazi ya Waislamu na Wakristo pia.

Lakini katika urithi ule mlikuwamo makosa. Ptolemy alidhani Bahari ya Hindi imezungukwa na nchi kavu pande zote, na walionakili walilinakili kosa hilo kwa uaminifu uleule. Ndipo Wareno, Dias mwaka 1488 na da Gama mwaka 1497, walipozunguka kusini mwa Afrika wakaona njia iko wazi. Habari za Naili nazo zilingoja kukaguliwa. Speke aliona mto ukitoka katika ziwa Victoria mwaka 1862, na Baker akaliona ziwa Albert mwaka 1864. Leo twajua kwamba maji ya theluji ya Rwenzori huingia ziwa Albert kwa mto Semliki, na kutoka huko hupita Pakwach. Mzee Ptolemy hakukosea yote.

Mwaka 1980 watu wetu wengi walikimbia vita, wakaenda Sudan na Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule. Babu yangu alikuwa na daftari alimoandika majina ya wazee wa ukoo na njia waliyoijia. Aliliacha nyumbani, kwa maana alibeba watoto. Aliporudi hakukuta nyumba wala daftari. Yaliyobaki yamo kichwani mwake, naye sasa ni mzee sana.

Likizo iliyopita nilinunua daftari jipya, nikaketi naye jioni kumi na moja. Ananitajia, nami naandika. Jirani yetu, mzee kama yeye, alisikia tukisoma, akabisha juu ya mahali mababu walipovukia mto. Kwanza nilitaka kufuta. Kisha nikamkumbuka Ptolemy na walionakili kazi yake, nikaandika maneno ya wazee wote wawili, kila moja na jina la aliyelisema, ili atakayekuja baadaye akague.

Mdogo wangu, hilo ndilo jibu langu. Wayunani na Warumi wanatufundisha kwamba hata dola kubwa huweza kupoteza elimu yake, na kwamba hupona ile tu iliyopata mtu wa kuinakili. Nanyi kaka zetu mliotutangulia hapa shuleni, wazee wenu wangali hai? Nunueni daftari upesi. Langu limefika ukurasa wa 34, na likizo bado wiki saba.