Jina la ukoo halitakuonyesha kijiji cha babu

Swali limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka Korogwe: "Mzee, sisi ni akina Komba. Babu alikuja Tanga kukata mkonge, akafia huku. Kijiji cha akina Komba huko Songea kinaitwaje?" Mwezi uliopita waliuliza akina Ngonyani wa Muheza, na kabla yao akina Nyoni wa Kilosa. Miaka yote niliyokaa na vitabu vya ubatizo na majalada ya zamani hapa Songea, jibu langu ni hilo hilo. Hakuna kijiji cha akina Komba.

Uchungu wa anayeuliza naujua. Kijana aliondoka hapa, akapewa namba, akawa manamba, akaishi kambini hadi uzee bila kurudi. Leo wajukuu wanazika mtu wao na hawana pa kupeleka taarifa ya msiba. Kinachoniudhi ni imani kwamba jina la ukoo ni ramani, na wapo wanaowatoza watu fedha kwa imani hiyo. Kuna orodha zinazozunguka kwenye simu: jina fulani "asili yake Uzuluni", jina fulani "ukoo wa kifalme". Watu wanalipia usomaji wa orodha hizo, kisha wanapanda basi kuja Songea kutafuta ndugu ambao hawajawahi kuwa ndugu zao.

Tuanze na huo Uzulu. Zwangendaba, aliyeongoza msafara wa Wangoni kutoka kusini, hakuwa Mzulu. Alikuwa wa ukoo wa Jere, upande wa Wandwandwe walioshindwa na Shaka, na aliondoka kusini kuukimbia huo huo Uzulu. Alivuka Zambezi mwaka 1835, akafia Ufipa miaka ya 1840. Baada ya kifo chake msafara uligawanyika, na kundi moja lililoshuka kuja huku liliongozwa na mtu aliyeitwa Zulu Gama. Zulu lilikuwa jina lake yeye binafsi, kama mwingine anavyoitwa Songea.

Na msafara huo haukuwa wa damu moja. Njiani ulibeba Wakaranga, Wasenga, Watumbuka. Ulipofika huku ukameza Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wanindi, Wabena. Mateka aliingizwa katika nyumba ya bwana wake, akahesabiwa pamoja nao, akapigana vita vyao. Wazee wetu waliwaita mateka hao Wasutu, na katika nchi zote mbili za Wangoni, Njelu na Mshope, Wasutu walikuwa wengi kuliko waliotoka kusini. Wajukuu wao ndio sisi. Jina la ukoo linaweza kukuambia babu wa babu aliingia kwa mlango gani. Halisemi alizaliwa wapi, na halisemi kama damu yake ilivuka Zambezi au ilikuwa hapa hapa tangu zamani.

Matokeo yake unayaona ukisafiri. Komba wapo Peramiho, wapo Mbinga, wapo Lituhi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na wengi wao hawahusiani kabisa. Mapunda vivyo hivyo. Haule utamkuta Songea na utamkuta Upangwani, Ludewa.

Neno "Songea" nalo linapotosha. Wakati wa Waingereza wilaya ya Songea ilizibeba Mbinga, Nyasa na Namtumbo za leo. Wakala wa kuandikisha vibarua aliandika "Songea" kwa Mmatengo wa milimani, kwa Mnyasa wa Liuli na kwa Mndendeule wa Namtumbo, na kambini wote wakaitwa Wangoni. Mwenye mkonge alitaka kabila la kuandika kwenye safu, akapewa. Mjukuu wa Mmatengo anakuja mjini Songea kuuliza nyumba ya Kingoni, na mimi ndiye ninayepaswa kumwambia amepitiliza.

Halafu kuna kalamu ya karani. Mwingine aliandikwa jina la ubatizo na la baba tu, ukoo ukaachwa. Aliyetoroka mkataba wa kwanza alirudi kwa jina jipya. Na wengi walioishi pwani walisilimu, Yosefu akawa Yusufu, watoto wakachukua jina hilo, jina la ukoo likafia hapo. Kwa hiyo huenda hata hilo jina mnalolishikilia si lile aliloondoka nalo.

Vipimo vya vinasaba navyo ninaulizwa. Kipimo kinakulinganisha na watu ambao tayari wamo kwenye hazina ya kampuni, na watu wa Ruvuma waliomo humo ni wachache mno. Utaambiwa wewe ni Mbantu wa Afrika Mashariki. Hifadhi fedha yako.

Tatizo hili si letu peke yetu. Watu wa Ireland waliokimbilia Uingereza karne ya 19 kutafuta kazi waliacha wajukuu wenye swali kama lenu. Sensa za Uingereza ziliwaandikia wengi wao neno moja tu, "Ireland", kama sisi tulivyoandikiwa "Songea". Anayeitwa Murphy hapati kijiji kwa jina lake, kwa maana Murphy wamejaa nchi nzima. Wanaofanikiwa mara nyingi huanzia Uingereza, kwenye kitabu cha ndoa cha parokia ya Kikatoliki ya Liverpool au Manchester, ambako padri aliandika mtu alitoka parokia gani.

Hapo ndipo ninapotaka mfike. Kanisa Katoliki halifungishi ndoa bila kujua mtu alibatizwa wapi, na baada ya ndoa parokia inapaswa kupeleka taarifa kule alikobatizwa, iandikwe pembeni mwa mstari wake. Manamba aliyefunga ndoa kanisani Tanga anapaswa kuwa ameandikwa pande mbili. Kuanzia mwaka 1945 mapadri wengi wa huko walikuwa wa shirika la Warosmini, kutoka Ireland, na majina yetu waliyaandika kama walivyoyasikia, kwa hiyo soma kwa sikio.

Mwaka jana mama mmoja wa Muheza alikuja na picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha ndoa. Alikuwa ametafuta ukoo wa babu yake Songea mjini miaka sita kwa sababu ya jina Ngonyani. Kwenye picha, wino umefifia kahawia, safu ya bwana harusi ilikuwa na jina lake, jina la baba yake, na neno moja: Kigonsera. Misheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1899 na iko Mbinga. Tulimpata kwenye kitabu cha ubatizo kule, na pembeni mwa mstari, kwa mwandiko mwingine, tarehe ya ndoa na jina la parokia ya Tanga. Mama aliweka kidole juu ya maandishi yale, hakukitoa kwa muda mrefu.

Basi, fanyeni hivi. Tafuteni nyumbani cheti cha ubatizo, kitabu cha sala chenye majina, kipande cha kazi, kadi ya NPF, mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulioanza mwaka 1964. Nendeni parokia alikooa babu au alikozikwa, mkiwa na barua ya jumuiya, jina la mke na makisio ya miaka. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini: Josephus na Josephi ni mtu mmoja. Ukipata parokia ya asili, iandikie hiyo. Peramiho ilianza mwaka 1898 lakini ilichomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, kwa hiyo msitegemee mengi ya kabla ya hapo. Waanglikana waangalie Liuli. Aliyeondoka baada ya mwaka 1944 huenda alipitia SILABU, wakala wa wenye mkonge, basi ulizeni na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kitabu cha Wilaya cha wakati wa Waingereza kina nasaba za machifu tu, watu wa kawaida hawamo. Aliyekuwa Mwislamu tangu kwao hana kitabu cha parokia: ulizeni jina la jumbe wake, la mto na la mlima, kwa maana hayo hayabadiliki kambini.

Na kabla ya yote hayo, nendeni kwa mzee aliyelala chumba kimoja na babu kambini. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1950 sasa amepita 90. Kitabu cha parokia kitakusubiri hadi mwakani. Mzee huyo nenda ukamwone mwezi huu.