Mkimbizi wa Mugutha na Kodi ya Mwezi

Wazazi wa Pwani wenye watoto katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, huenda wamelisikia jina la Mugutha katika mazungumzo ya simu na wasilitilie maanani. Ni mtaa wa upande wa Ruiru, katika kaunti ya Kiambu, pembeni mwa barabara kuu iendayo Thika. Nchi ile ilikuwa ya mashamba ya kahawa, na hadi leo taasisi ya utafiti wa kahawa iko Ruiru. Siku hizi penye mibuni pameota majumba ya kupangisha. Katika ukanda huo wa barabara ya Thika, tangu Githurai na Kahawa hadi Ruiru na kupita, wapangaji si wanafunzi na wafanyakazi wa viwandani peke yao. Wamo Wakongo, Waethiopia, Waeritrea, Wasomali na Wasudani, watu waliokimbia vita na dhulma, wakaona afadhali chumba kimoja cha kulipia kuliko hema la bure.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya watu hawa kwa sababu sadaka zetu aghalabu haziwafikii. Mkono wetu, tunapomkumbuka mkimbizi, hunyooka kuelekea kambini: Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, au Kakuma, ya mwaka 1992. Huko kuna mabango, kuna magari ya misaada, kuna picha. Mkimbizi wa Mugutha hana bango. Akipita njiani na mfuko wake wa sukuma wiki hutofautiki naye, na pengine Kiswahili chake cha Goma ni kizuri kuliko cha mwenye nyumba wake.

Kwa miaka mingi siasa ya nchi ilikuwa kwamba mkimbizi mahali pake ni kambini, na msaada umfuate huko. Aliyetoka kambini kuja mjini alihesabiwa kuwa amejitegemea. Kujitegemea huko ndiko kunakotaka kutazamwa, maana chakula mtu aweza kukipunguza: milo mitatu ikawa miwili, miwili ikawa mmoja, na watoto wakatangulizwa. Nguo huvaliwa hadi ichakae. Kodi ya nyumba haikatwi kipande. Haimngojei mwenye kuuguza, wala haijui kama mvua ilimzuia mchuuzi kutandika bidhaa zake.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme chumba ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na mama anayekaa humo na wanawe watatu hufua nguo za watu. Wiki mbili mtoto akaugua, kazi ikasimama. Tarehe ya kodi ikifika ana shilingi 2,500. Mwenye nyumba, kama ni mwungwana, atamwambia amalizie mwezi ujao. Mwezi ujao deni ni 9,500, na kipato ni kile kile cha zamani kisichowahi kubakisha kitu. Mwezi wa tatu mlango hupigwa kufuli, vyombo vikiwa ndani. Akitolewa, chumba kipya kitadai kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine juu yake. Kwa hiyo aliyeshindwa na 3,500 sasa yampasa kutafuta 12,000, na usiku ule ule alale mahali na watoto. Hivyo ndivyo deni dogo linavyomtupa mtu nje, na ndiyo maana twasema kwamba msaada wa shilingi 3,500 uliofika kwa wakati wake una thamani kuliko wa 12,000 uliochelewa.

Mtu atauliza: je, sheria haimlindi? Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ambayo humpa mpangaji kimbilio katika mahakama yake maalumu, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nani siku hizi apataye chumba cha heshima kwa bei hiyo kando ya barabara ya Thika? Na hata mwenye haki huihitaji miguu ya kuifuata. Mkimbizi huogopa ofisi, na hofu yake ina historia. Disemba 2012 serikali iliwaamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo Julai 2013. Machi 2014 amri ikatolewa upya, na Aprili mwaka huo ikaja ile operesheni iliyoitwa Usalama Watch, watu wakakusanywa Eastleigh na kwingineko wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Aliyeyapitia hayo, au aliyesimuliwa na jirani, hatakwenda kituo cha polisi kushitaki kufuli.

Ni haki kusema pia kwamba mambo yamebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi, na kibali cha kazi cha daraja M hutolewa kwake bila ada. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kudumu na kumchanganya mkimbizi na mwenyeji katika shule, hospitali na biashara. Hayo ni mema. Lakini karatasi huchelewa, na mwajiri asiyeijua kadi ya mkimbizi huirudisha kwa mkono wa kushoto.

Mwaka huo huo wa 2025 ulikuja na mapigo yake. Januari Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zikihesabu siku za safari zikajikuta zimerudi mwanzo, pengine zimekwisha kuuza vyombo. Mgao wa chakula kambini ulikatwa hadi chini ya theluthi moja ya kipimo kamili, na kambini penye njaa husukuma watu mjini. Goma nayo ilianguka mikononi mwa M23 mwezi huo huo wa Januari, Bukavu ikafuata Februari.

Sisi wa Pwani si wageni wa habari hizi. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, majahazi na mashua zilipoteremsha Wabarawa na Wabajuni katika bandari zetu, watu wenye lahaja za Kiswahili vinywani na majina ya koo tunazozijua. Kulikuwa na kambi Utange, kulikuwa na Benadir, Hatimy, Swaleh Nguru, na Marafa upande wa Malindi. Lakini wangapi hawakuingia kambi hata moja! Waliingia ukumbini kwa jamaa, kwa rafiki wa biashara wa babu, kwa mtu waliyekutana naye msikitini. Kambi zile zilifungwa kabla muongo ule haujaisha, wengi wakapelekwa Kakuma, mbali na bahari waliyoizoea. Waliobaki mijini walibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyebeba kodi yao miezi ya mwanzo. Aliyeko Mugutha leo hana ukoo wa kumpokea, na hilo ndilo linalomtofautisha na Mbarawa wa 1991.

Tuje kwenye mali yenyewe. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja makundi manane ya wenye haki ya zaka. Wamo mafakiri na masikini, wamo wenye madeni, na yumo msafiri aliyekatikiwa na njia. Iwapo mkimbizi aliyekaa mjini miaka mitano bado ahesabiwa msafiri, hilo lina maneno baina ya wanazuoni. Wala hatuhitaji kulingia, kwani aghalabu mtu huyo ni fakiri tayari, na mwenye malimbikizo ya kodi ni mdaiwa bila shaka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, yafaa deni la mdaiwa kulipwa moja kwa moja kwa anayemdai, maadamu mdaiwa mwenyewe ameidhinisha. Idhini hiyo tusiichukulie kuwa ni adabu tu. Bila yake deni litaondoka, lakini mtoaji hatakuwa ametoa zaka. Basi mwulizeni mama kwanza, kisha mpelekeeni mwenye nyumba, na mchukue risiti yenye jina lake yeye mama.

Yapo maswali mawili ambayo wasomaji wetu watayauliza, nayo ni ya haki. La kwanza: je, zaka ya Mombasa au Lamu yaweza kupelekwa Kiambu? Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kwamba zaka haihamishwi na hali wenye kuistahiki wapo mjini pake, ingawa wako maulamaa wa baadaye wa madhehebu hayo hayo waliolegeza. Kila mtu na amwulize shekhe wake. Sadaka haina mpaka huo, na mwana wetu anayefanya kazi Ruiru au Thika, zaka ya mali yake aliyo nayo huko ni ya watu wa huko. Huyo hana udhuru wa masafa. La pili: wengi wa Wakongo wale si Waislamu. Zaka ya faradhi, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, haiendi kwao kwa fungu la ufakiri. Sadaka yaenda, na yaenda kwa thawabu. Waislamu wa kwanza kukimbia Makka, mnamo mwaka 615, walihifadhiwa Uhabeshi na Najashi, mfalme Mkristo, na hawakuulizwa dini yao ili wafukuzwe, bali waliulizwa ili wasikilizwe. Baadhi ya majirani wa Mugutha ni watu wa nchi ile ile ya Uhabeshi.

Kulipa kodi ya mwezi mmoja ni kuzima moto. Lakini Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina, na ndugu yake Saad bin Rabii akamtolea nusu ya mali, alimwombea dua kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Mafakihi wetu waliielewa hali hiyo vizuri. Imamu Nawawi ameeleza kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vyake, na mfanyabiashara hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake, na makadirio yakawekwa: muuza mboga dirhamu 5, muuza matunda 20, mwoka mikate 50. Thamani ya dirhamu imebadilika, lakini kazi ni zile zile ambazo mtu atazikuta jioni kando ya barabara ya Thika. Mtaji wa kitenge, wa cherehani, wa jiko la kukaangia mandazi, familia tatu au nne zikichanga hautazishinda.

Kwa mwenye kutaka kuanza, afadhali nyumba moja na miezi mitatu kuliko nyumba kumi na mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza lipeni malimbikizo, wa pili kodi, wa tatu nusu ya kodi pamoja na mtaji, mkubaliane hivyo mapema na mwenyewe ili asije akashtukizwa. Picha msipige. Kijana wenu aliyeko huko apeleke kwa mkono wake kabla ya tarehe 5, kwa sababu kuanzia tarehe 6 msimamizi wa nyumba huanza kuzunguka na makufuli.