Mama Mjamzito Asidharau Mafua

Mama mjamzito akishikwa na mafua makali, yenye homa, kikohozi na mwili kuuma, mara nyingi husema, "Ni mafua tu, yatapita." Mwingine humeza dawa ya malaria bila kupimwa. Lakini si kila homa ni malaria, na mafua makali siyo jambo dogo kwa mwenye mimba. Kwa nini?

Mtoto aliye tumboni hali wala hapumui mwenyewe. Chakula na hewa humfikia kwa damu ya mama, kupitia kondo la nyuma. Damu hiyo hupita katika mishipa, kama maji yapitavyo katika mifereji ya shamba. Mfereji ukiwa mwembamba, jaruba la mwisho hukauka. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka sana, karibu nusu ya ile ya kawaida. Kwa hiyo mishipa yake hulegea na kutanuka ili iipitishe.

Mafua makali huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana. Mwaka 2020 wataalamu wa Melbourne, Australia, waliwachunguza panya wenye mimba. Waliona kwamba virusi vya mafua havikubaki mapafuni. Vilifika mpaka kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni. Mshipa huo ukavimba, ukashindwa kulegea vizuri.

Hao ni panya, siyo watu. Lakini akina mama waliougua korona wakiwa na mimba walipatwa na kifafa cha mimba zaidi kuliko wasioiugua. Kifafa cha mimba huanza kwa presha kupanda, na huweza kuua mama na mtoto.

Basi tufanye nini?

1. Mjamzito akipata homa, aende kituo cha afya mapema. Apimwe malaria na presha pia. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni ya juu.

2. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, au tumbo likiuma upande wa juu, asingoje kesho.

3. Asinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

4. Mwenye mafua asimkaribie. Wote nyumbani wanawe mikono kwa sabuni.

Nanyi akina baba, msiseme kliniki ni kazi ya wanawake. Wekeni nauli mapema, maana homa haipigi hodi.