Mwanao akiitwa chuo Makindu, tazama na mtaa

Kila majina ya KUCCPS yakitoka, simu za wazazi huku Pwani hazitulii. "Banati amepata KMTC, lakini wamempeleka Makindu. Ndiyo wapi huko?" Ajabu ni kuwa wengi wetu tumepita hapo mara chungu nzima, usiku, tukisinzia ndani ya basi la Nairobi.

Makindu iko kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, kando ya barabara kuu na reli ya mkoloni. Jina lenyewe si geni kwetu: mkindu ndio mti utupao ukindu wa kusukia mikeka. Kwa usafiri, basi litakushusha mjini hapo hapo. Ukipanda treni ya SGR, ile inayosimama vituo vya njiani, utashuka Kibwezi kisha utafute matatu.

Usichanganye na SEKU, chuo kikuu cha ukanda huo. Hicho kampasi yake kuu iko Kwa Vonza, Kitui. Makindu ni KMTC, chuo cha serikali cha utabibu kilichoanza mwaka 1927 na ambacho leo kina kampasi zaidi ya 70 nchini, zikiwemo za Mombasa, Kilifi na Msambweni. Kampasi hizi huambatana na hospitali, kwa sababu nusu ya somo iko darasani na nusu iko wodini. Kwa hivyo usitarajie bustani kubwa na majumba ya ghorofa kama uonavyo kwenye picha za vyuo vikuu. Chuo na hospitali ni majirani, na mwanafunzi wa uuguzi hufika siku akaingia zamu ya usiku kama muuguzi yeyote.

Hapo ndipo mtaa unapokuwa na maana. Mji wa barabarani haulali: malori, vibanda vya chai, bodaboda, watu wanaoshuka na kupanda. Nchi ni kavu, na maji ya mtungi huwa ni hesabu ya kila wiki. Chakula cha wenyeji ni muthokoi na maharagwe, na lugha ya sokoni ni Kikamba, ingawa Kiswahili kitamfikisha popote.

Pia kuna hekalu la Kalasinga, lililojengwa mwaka 1926 na jamii iliyokuja na kazi ya reli. Msafiri yeyote hupewa chakula bure, na hakina nyama, kwa hivyo Muislamu hana wasiwasi. Masharti ni kuvua viatu, kufunika kichwa na kutoingia na tumbaku wala pombe. Mzazi anayefika amechoka na masanduku asione haya kupumzika hapo.

Nayasema haya kwa sababu. Jirani yangu alimrudisha bintiye nyumbani kutoka chuo kimoja cha bara. Masomo alikuwa akiyaweza. Kilichomshinda ni chumba: kilikuwa mbali na hospitali, njia ina giza, na kila zamu ya usiku ilikuwa na nauli ya bodaboda ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Karo ililipwa, mtaa ukasahauliwa.

Basi kabla ya siku ya kuripoti, nenda au umtume mtu. Uliza kama kuna nafasi ya bweni, na kama hakuna, chumba kiko hatua ngapi kutoka lango la hospitali. Uliza maji yanatoka siku gani na mtungi ni shilingi ngapi. Tafuta msikiti ulipo na ujitambulishe kwa imamu, maana mtoto ugenini ahitaji mtu mzima anayemjua kwa jina. Tafuteni pia wazazi wenzenu wa Pwani, mabanati wapange pamoja.

Barua ya chuo itakutajia karo na sare. Mtaa hautaandikwa humo, na ndiko mwanao atakakolala miaka yote hiyo.