Nani Alilipia Boma? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, walivyofika hatimaye nchi ya Songea, na jinsi watu wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na wa milimani walivyolazimika kujihami. Leo nauliza swali ambalo waandishi wa vita hulikwepa kwa sababu halina mikuki ndani yake. Gharama za kujihami alizibeba nani?

Kwa anayelima kahawa Mbinga, swali la nani analipa nini si geni. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri mamlaka ya kutoza ushuru wa mazao, na tangu 2017 kiwango cha mazao ya biashara kimeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua bei yake hupunguzwa wapi. Naomba msomaji aukumbuke ushuru huo, maana utatusaidia kuielewa Ireland ya karne ya 13.

Waingereza walioteka sehemu za Ireland kuanzia miaka ya 1170 walianzisha na kukuza miji ya biashara katikati ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuwachukia. Miji hiyo ilihitaji kuta za mawe, na mawe yana gharama ya kuchimba, kusomba na kujenga. Mfalme aliishi ng'ambo ya bahari na hakuwa na fedha za kugawa. Alichokuwa nacho ni kibali. Mwaka 1221 Henry wa Tatu, ambaye hata miaka 15 alikuwa hajatimiza, aliwaruhusu watu wa Dublin kutoza bidhaa zinazoingia mjini ili wapate kujenga ukuta wao. Miji mingine ikafuata kuomba. Athenry, ambao sehemu kubwa ya ukuta wake bado imesimama, ulipata kibali chake mwaka 1310.

Barua za namna hii ziliandikwa kwa ukarani wa hali ya juu. Zilitaja bidhaa moja moja na peni zake: gunia la sufu, ngozi, pipa la mvinyo, farasi, samaki. Zilitaja na miaka ya kutoza, kisha ushuru ukome. Tena fedha yote ilipaswa kwenda kwenye ukuta, wala si kwingine, tofauti na ushuru wetu unaoingia kwenye mfuko wa jumla. Sisemi walikuwa waadilifu kutuzidi. Malalamiko kwamba fedha za ukuta zimeliwa hayakukosekana, na ushuru uliopaswa kukoma uliongezewa muda tena na tena, kwani ukuta haumaliziki: huku unajengwa, kule unabomoka.

Lakini tazama nani hasa aliyetoa peni hiyo. Mwairish wa kijijini aliyeleta ngozi zake sokoni alilipia ukuta uliojengwa kumzuia yeye mwenyewe asiingie usiku. Hiyo ndiyo iliyoitwa ruzuku ya mfalme. Mfalme hakutoa kitu mfukoni, ila aliwaruhusu watu fulani wawatoze watu wengine. Hata mwaka 1429, ilipotangazwa kwamba kila atakayejenga mnara wa kujihami katika majimbo manne ya kuzunguka Dublin atapewa pauni 10, pauni hizo zilichangwa na wananchi wa majimbo hayohayo.

Mji mmoja ulifanya vingine, nao ni New Ross. Mwaka 1265 mabwana wawili wakubwa walikuwa wakipigana, na mji ukawa uko wazi. Wenye mji wakaajiri vibarua wachimbe handaki, kazi ikasuasua. Ndipo wakakubaliana kuchimba wenyewe, kila kundi la mafundi na wafanyabiashara na siku yake ya juma, wakienda na bendera na muziki. Jumapili ilikuwa zamu ya wanawake, nao walibeba mawe. Tunayajua haya kwa kuwa kuna utenzi wa Kifaransa uliotungwa kuhusu kazi hiyo. Mmatengo akizisikia habari zake atasema hii ni ngokela, ile kazi ya kusaidiana shambani, na hatakuwa amekosea sana.

Basi turudi kwetu. Ufukweni, kuanzia Manda hadi Mbamba Bay na kuteremka kusini, hapakuwa na mfalme wa kuombwa barua. Kijiji kilichotaka boma kilikata miti, kikaisimika ardhini ikibanana, kikaacha mlango mwembamba wa kuinamia. Aliyelipa ni mwenye shoka. Mchwa hawana adabu kwa mti uliosimikwa, kwa hiyo kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya muda, na miti ya karibu ikiisha watu walifuata ya mbali, yaani kulekule alikoogopwa adui. Mashamba yalibaki nje. Palipokuwa na maji, maji yalitumika, kwa sababu Wangoni hawakuwa watu wa mitumbwi. E. D. Young, aliyelizunguka ziwa kwa meli ya Ilala mwaka 1875, alikuta vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Wamisionari wa UMCA nao walipochagua makao yao mwaka 1885 walichagua kisiwa cha Likoma. Walikuwa na somo la kutosha: miaka mitatu kabla yake wenzao wa Masasi walishambuliwa na Wangoni, wakalazimika kutoa mali kuwakomboa watu waliochukuliwa.

Wamatengo hawakuwa na ziwa. Walikimbilia miteremko mikali, na milima ikawa ukuta wao. Watu husema ukuta huo ulikuwa wa bure. Mimi nasema ndio uliokuwa ghali kuliko yote, na bili yake bado inaonekana shambani. Mlimani udongo hukimbia na mvua ya kwanza. Ili waishi pale ilibidi walime ngoro: mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana kama miraba, kisha mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani hayo. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage hupandwa kwenye matuta, majani yakioza chini yake huwa mbolea, na mvua hunasa mashimoni badala ya kuteremka na shamba zima. Wataalamu wanaokuja leo kuisifu ngoro wana haki ya kuisifu. Ila wauhesabu na mgongo wa yule mwanamke, kizazi baada ya kizazi, katika gharama za kujihami.

Kisha likaja boma la aina nyingine. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa kamanda wake Wissmann kuzima vita vya Abushiri kule pwani. Hizo zilikuwa fedha za Wajerumani wenyewe, na hawakupenda ziendelee kutoka. Boma la Songea lilisimama mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikaanza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa na rupia alitoa mazao au nguvu zake. Miti ya ufukweni ilimlinda aliyeikata. Boma la Songea lilimlinda mtoza kodi dhidi ya mlipa kodi, sawasawa na ule ukuta wa Dublin na mwuza ngozi wake. Wamatengo walipambana na Wajerumani Litembo mwaka 1902, na Wangoni wakafuata katika Majimaji mwaka 1905. Mwaka 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa hapohapo Songea, akiwemo Nduna Songea Mbano.

Juma lijalo tutashuka Mombasa, ambako Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ambako sultani wa Malindi alipewa theluthi moja ya ushuru wa forodha.